Mvua Ndani ya Telefoni

Dada yangu alinivunja mtulinga kwa mchi wa kutwangia sombe, Jumamosi moja asubuhi, kwa sababu nilimsikilizisha mvua. Haikuwa mvua ya kweli. Ilikuwa ndani ya telefoni yangu, imerekodiwa sijui nchi gani, na nilikuwa nimeambiwa kwamba itamtuliza.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kasenga, mjini Uvira. Yeye amenizidi miaka minne, na tangu utoto namwita Yaya, kama tunavyowaita wakubwa zetu huku. Kabla ya mambo haya alikuwa muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni, mwanamke wa kelele, wa kucheka mdomo wazi, aliyeweza kugombana na wateja watatu kwa pamoja na asikosee kipimo. Mumewe alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Fizi, akaoa huko, hakurudi tena. Yaya alibaki na watoto wawili, msichana na mvulana, katika nyumba ya matofali mabichi kule chini karibu na mto.

Siku mto ulipokuja, jua lilikuwa linawaka mjini. Milimani ndiko kulikuwa kweusi. Sisi watu wa Uvira tunajua kwamba mvua ya mlimani inaweza kukuua hujalowa hata tone moja, lakini kujua ni kitu kimoja na kukumbuka saa tisa alasiri, soko limejaa, ni kitu kingine. Yaya alisikia mngurumo. Alidhani ni makamio, malori yanayotoka bandarini. Alimwambia mteja wake, "Leo makamio iko mengi," akamwongezea ndagala kiganja kimoja, akafunga mfuko. Ndipo watu wakaanza kukimbia.

Nilimkuta ukingoni. Kile kilichokuwa kikipita mbele yetu hakikuwa maji. Kilikuwa tope lenye mawe makubwa kama makabati, na mawe yalikuwa yanagongana, na kila yakigongana ardhi ilitetemeka hadi magotini. Zilipita bati, mlango mzima na kufuli yake, mbuzi aliyekuwa bado anapiga mateke. Pale nyumba ya Yaya ilipokuwa, watoto wakiwa ndani, palikuwa na mto. Wanaume watatu walimshika asijitupe. Mmoja wao Yaya alimng'ata mkono mpaka damu ikatoka, na yule mtu hakumwachia. Yaya alikuwa anapiga kelele kwamba anawasikia watoto, kwamba bako namwita, wanamwita yeye. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na sikusikia chochote isipokuwa mawe.

Msichana tulimpata siku ya tatu, kwenye matete ya ziwa. Mvulana hatukumpata.

Yaya alihamia kwangu. Miezi ya kwanza hakulia mbele ya watu. Alikuwa anapiga. Mvua ikianza kugonga bati, alipiga ukuta kwa ngumi mpaka ngozi ya vidole ikachubuka, alipiga masufuria, nikimkaribia, alinipiga mimi. Kiangazi kilipofika tukadhani amepona. Halafu siku moja jirani yetu, mwanamke mpole, alifungua bomba akaacha maji yatiririke ndani ya ndoo huku akipiga gumzo. Yaya alitoka ndani, akaichukua ndoo ile ile, akampiga nayo kichwani. Nyuzi saba alishonwa yule mama. Tulikwenda kumwomba msamaha, akatusamehe, lakini watu wa avenyu yetu wakaanza kusema kwamba dada yangu iko na pepo.

Sikutaka kusikia habari za pepo. Nilimpeleka kituo cha afya, ambako walikuwa wameleta psikologi, mtaalamu wa mambo ya akili, msichana kutoka Bukavu, mwembamba, mwenye sauti ya chini na mikono isiyotulia. Alitupokea vizuri. Alimwuliza Yaya maswali, Yaya akajibu "ndiyo" na "hapana", macho kwenye kucha zake. Mwishoni yule msichana alichukua telefoni yangu, akaniwekea humo sauti tatu.

"Hizi ni sauti za asili," alisema. "Watu wengi zinawasaidia. Akae mahali penye kimya, afumbe macho, apumue polepole, asikilize dakika kumi asubuhi, kumi jioni. Mwili unaelewa kwamba hakuna hatari."

Sikuuliza ni sauti za nini. Yeye hakuuliza tunatoka kwenye maafa gani. Kwenye karatasi yetu iliandikwa tu "kufiwa". Ndivyo ilivyokuwa. Siku ile mlangoni kwake kulikuwa na foleni ya watu arobaini.

Jumamosi hiyo Yaya alikuwa uani anatwanga sombe, majani ya muhogo ya chakula cha mchana. Nilimwona ametulia, mchi unapanda na kushuka, nikaona huu ndio wakati. Niliweka telefoni kwenye kigoda karibu naye, nikabonyeza ya kwanza.

Mwanzo ulikuwa kama mtu anayemwaga mchele taratibu. Halafu ikaongezeka, ikawa mvua kubwa, na chini yake, mbali, kulikuwa na mngurumo. Waliotengeneza sauti ile nadhani waliuweka ule mngurumo uwe mtamu. Mchi ulisimama hewani. Nilimwona Yaya akigeuza kichwa, si kwangu, bali kuelekea mlimani. Nilinyoosha mkono nizime. Pigo la kwanza lilivunja telefoni kioo. La pili lilinipata kati ya shingo na bega, nikasikia mfupa wangu ukikatika, sauti ndogo kavu kama kijiti. La tatu nililikwepa kwa sababu nilikuwa nimeshaanguka. Telefoni ilikuwa imepasuka lakini bado inanyesha. Aliendelea kuipiga mpaka ikanyamaza, na hata ilipokuwa imenyamaza akaendelea kuipiga.

Kisha akaona mkono wangu unavyoning'inia. Alitupa mchi, akakaa chini kwenye majani ya sombe yaliyomwagika.

"Weye ndiye uliileta," alisema. "Kwa nini uliileta ndani ya nyumba?"

Sasa nafika mahali ambapo afadhali ningepita haraka. Niliporudi kutoka hospitali, mkono umefungwa kifuani, walikuja wanawake wa chumba cha maombi kilicho mtaa wa pili. Walisema muntu mwenye pepo iko namaliza watu wa nyumba yake, mmoja mmoja. Nilikuwa na maumivu, na nilikuwa nimeanza kumwogopa dada yangu. Nikiamka namtafuta kwanza aliko, halafu mchi uliko. Nikakubali nimpeleke kwao wamtoe pepo.

Yaya aliingia mle ndani kwa miguu yake kwa sababu mimi nilimwambia twende. Walipotoa kamba alianza kupigana. Alimwangusha mmoja, akampasua mwingine mdomo. Kiongozi wao akanigeukia: "Mufunge weye. Weye hatakupiga." Na ni kweli, hakunipiga. Alinyoosha mikono mbele, akanitazama nikifunga kwa mkono mmoja na meno. Fundo la kushoto nililikaza mno.

Walimpiga siku tatu, kwa mafungu ya njiti za ufagio na kwa mkanda, ili pepo lisikie na kutoka. Mimi nilikaa nje pamoja na waimbaji. Yaya alipolia tuliimba, alipozidi kulia tukapiga ngoma. Mimi ndiye niliyekuwa naimba kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilijua ninachokifanya. Nilikuwa naziba masikio yangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Siku ya tatu, mchana, mtu alitoka ndani na kuacha mlango wazi, nikaona mkono wa kushoto wa Yaya. Ulikuwa mweusi na umevimba, na kamba haionekani, imezama ndani ya nyama. Niliingia. Kiongozi alinizuia, nikampiga kichwa usoni, mimi mwalimu, mtu ambaye sijawahi kupigana hata shuleni. Sijui mengine yalikwendaje. Nakumbuka kisu cha jikoni kikipita chini ya kamba, na Yaya ananiegemea bega lile lile lililovunjika, na mimi nashukuru kwamba linauma.

Tulirudi kituo cha afya. Muuguzi alimsafisha vidonda, akavifunga vitambaa, kisha yule msichana wa Bukavu akaja. Nilimweleza yote: mto, telefoni, mchi, kamba. 

"Nilikosa," alisema. "Nilimpa mvua mtu wa mafuriko. Sikuuliza." Akavuta kiti mbele ya Yaya, akakaa karibu kuliko mara ya kwanza. "Mama, zamani, kabla ya yote haya, kulikuwa na sauti uliyopenda kusikia?"

Nilifungua mdomo nijibu badala yake, nikagundua sijui.

"Mupunga," alisema Yaya.

"Mupunga iko na sauti?" yule msichana aliuliza.

"Iko nayo. Ikikauka, upepo ukipita, iko nayo."

Mjomba wetu, ndugu ya mama, analima mpunga Katogota, kwenye uwanda wa Ruzizi. Tulipokuwa watoto tulitumwa kwake kila mpunga ulipokaribia kuiva, kwenda kufukuza ndege. Likizo ya shule ilikuwa imeanza. Tukapanda gari siku mbili baadaye, Yaya na vitambaa vyake mikononi, mimi na bega langu.

Mjomba ni mtu wa maneno machache na wa hasira za karibu. Alimtazama Yaya mikono, akanitazama mimi, akauliza, "Nani alifanya hii?"

"Minye, mimi hapa," nilisema.

Alinipiga kofi moja mbele ya mkewe. Kisha akatuletea ugali na samaki.

Kesho yake alitupeleka shambani. Mpunga ulikuwa umegeuka rangi ya dhahabu, vichwa vimeinama. Pembeni mwa shamba hupita mfereji wa maji, na tulipoukaribia Yaya alisimama akaanza kupumua kwa kinywa, ngumi zimekunjwa.  Mjomba aliteremka kwenye mfereji, akaziba mlango wa maji kwa ubao na majani ya migomba na tope, akakanyaga mpaka mtiririko ukakatika. Majirani walikuja kugomba kwamba amewanyima maji. Akawaambia mpunga wao na wake imeiva, mayi ya nini. Anayetaka kupigana apite mbele. Hakuna aliyepita.

Siku za mwanzo Yaya alikaa kwenye tuta akitazama. Upepo ulipopita shambani, mpunga ulitoa ile sauti yake, kavu, nyepesi, kama watu wengi wanaopekua karatasi. Alifumba macho mwenyewe, bila kuambiwa. Mimi nilikaa mbali kidogo naye, nusu nimefurahi na nusu nimejiandaa kukimbia.

Siku ya nne ndege wakaja. Ni wadogo, hawajai kiganja, lakini huja kama moshi, na wakitua shamba linainama. Mke wa mjomba alikuwa upande wa pili akipiga debe. Yaya aliamka. Alichukua fimbo ndefu, akabandika donge la tope kwenye ncha kama tulivyofundishwa utotoni, akalirusha. Halafu akafungua kinywa.

Sijawahi kusikia mtu akipiga kelele namna ile, na nilikuwepo mtoni. Aliwatukana ndege. Aliwatukana kwa Kiswahili na kwa Kifuliiru, mama zao na baba zao. Alikimbia kwenye tuta kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, anarusha tope, vitambaa vya mikononi vimefunguka vinaburuzika. Alimtukana mume wake. Akakitukana chumba cha maombi. Akanitukana mimi kwa jina langu, neno kwa neno, na kila neno lilikuwa haki yangu. Kisha akawaita watoto wake, wote wawili, kama mama anayewaita watoke kucheza waje kula, na ndege walikuwa wameshaondoka kitambo.

Jioni hiyo hakuwa na sauti. Aliketi karibu nami kwa mara ya kwanza. Nilimwambia niliyokuwa sijamwambia: kwamba nilimsikia siku zote tatu, kwamba niliimba ili nisimsikie.

"Najua," alisema kwa kunong'ona. "Nilikuwa nasikia sauti yako. Ilikuwa inapita ya wengine." Baadaye akaongeza, "Minye pia nilisikia mto, nikapima ndagala."

 Alilala usiku ule bila kupiga kitu.

Wiki ya pili risasi zilianza, asubuhi, jua limeshatoka. Watu wenye silaha walikuwa wanapigana upande wa barabara. Nani na nani, hatukujua, na mpaka leo kila mtu ana jibu lake. Mjomba alipiga kelele tulale chini. Tulijitupa ndani ya mpunga, mimi, Yaya, mjomba na mkewe, nyuso kwenye tope. Risasi zilipita juu yetu zikikata hewa kama kitambaa kinachochanwa. Ng'ombe wa jirani alikuwa amefungwa kwenye tuta. Alipigwa tumboni, akalia, akazunguka kamba yake, akalia tena. Alichukua muda mrefu kufa.

Na ndege wakaja. Hakukuwa na mtu wa kusimama, hakuna debe, hakuna fimbo. Walitua shamba zima kwa mara moja. Nikahisi Yaya anatikisika kando yangu. Kabla sijamshika alikuwa ameshasimama, mwili wote nje ya mpunga, anapiga kelele, anatupa tope kwa mikono mitupu.

"Tokeni! Tokeni hapa!"

Mjomba alimwita kwa jina. Nilitambaa, nikamkamata miguu, nikavuta kwa mkono wangu mzima, akaanguka juu yangu. Alinipiga usoni. Aliniparura shingo. Nilimpanda mgongoni, nikambana uso wake ndani ya matope kwa uzito wangu wote, na kwa muda mfupi sikuwa najaribu kumwokoa. Nilikuwa na hasira ya mchi, ya mto, ya yote, na nilimkandamiza. Alipoanza kukoroma ndipo niliposhtuka nikamgeuza kichwa apate hewa.

Tulibaki hivyo, mmoja juu ya mwingine, tunahema. Risasi zilipungua, zikahamia mbali. Ng'ombe alinyamaza. Ndipo nilipoisikia sauti nyingine, kutoka kila upande, juu yetu na pembeni yetu: midomo midogo maelfu kwa maelfu ikivunja punje. Ilikuwa kama manyunyu kwenye majani.  Nilingoja ngumi.

Yaya alikuwa anasikiliza. Shavu lake lilikuwa kwenye tope, jicho moja linatazama juu kati ya mabua. Ndege mmoja alining'inia kwenye kichwa cha mpunga, shibiri moja kutoka usoni kwake, anakula bila kutujali.

"Bako nakula," alisema. "Baache. Baache bakule."

Tukalala pale mpaka mjomba alipokuja kutuinua.

Sehemu kubwa ya shamba ilikuwa imekwisha. Mjomba alilizunguka mara moja, mikono mgongoni. Siku iliyofuata alileta mundu, tukavuna kilichobaki kabla ndege au watu hawajarudi. Tulitandika turubai, tukaweka gogo katikati, tukaanza kupura. Unashika fungu la mpunga kwa mikono miwili, unalipandisha juu ya kichwa, unalipiga kwenye gogo, punje zinaruka. Yaya alipura tangu asubuhi. Alikuwa anapiga kwa nguvu kiasi kwamba gogo lenyewe lilikuwa linahama. Vidonda vya mikono vilifunguka, mpunga ukaingia damu kidogo.

"Polepole, mama," mjomba alimwambia. "Utapasua mchele."

"Niache, mjomba."

Akamwacha. Mimi kwa sababu ya bega sikuweza kuinua fungu juu. Nilikuwa nampelekea mafungu mapya na kuondoa yaliyokwisha. Alinyoosha mkono bila kunitazama, nami nikamtilia fungu mkononi, na ndivyo tulivyofanya kazi mpaka jua likageuka.

Tulirudi Uvira shule ilipokaribia kufunguliwa. Yaya ameanza tena sokoni, ingawa amechagua kibanda cha upande wa ziwa, na watu wanasema hagombani na wateja kama zamani. Jirani aliyeshonwa nyuzi saba hununua kwake. Mvua ya kwanza ya msimu ilipogonga bati, Yaya alitoka nje akasimama katikati ya uwanja, nguo zote zinalowa, uso mlimani. Nilimfuata. Aliponiona alinisukuma kwa nguvu nikaanguka kwenye maji. Akanitazama pale chini, akarudi, akanishika mkono ule mzima, akaniinua. Tukasimama wote wawili tukisikiliza, mpaka tulipokuwa na hakika kwamba mto umebaki mahali pake.